Ipe Milango ya Mtandao Majina Kabla Kifaa Hakijatoka Karakana

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii: "Kaka, nimepandisha bodi kutoka Debian 11 kwenda 12. Imewaka vizuri, nimeingia kupitia modemu, lakini eth0 haipo. Naona end0 tu, na vifaa vyote vya upande wa waya vimekufa." Debian ni aina ya Linux, na eth0 na end0 ni majina ambayo mfumo huupa mlango wa waya wa mtandao. Tulilimaliza usiku uleule. Ila ujumbe wake ulinitonesha kidonda, maana majina haya ya violesura, yaani milango ya mtandao, ndiyo yaliyonikosesha kazi niliyoipenda sana.

Nilikuwa nahudumia visanduku vya kusimamia vyumba vya baridi vya mfanyabiashara wa samaki. Ndani kuna bodi ndogo ya Linux, waya mmoja unakwenda kwenye vidhibiti vya mashine za baridi, na modemu ya 4G imechomekwa kwenye USB. Mfumo niliukuta umeshafungwa na wengine, na kila kitu kimeandikwa kwa eth0 (waya) na eth1 (modemu): anwani, kanuni za ukuta wa moto, huduma ya kugawa anwani. Niliwaambia wakubwa mapema, tena kwa maandishi, kwamba mpangilio ule hauaminiki, wanipe muda niubadilishe. Jibu likawa kwamba kinachofanya kazi hakiguswi.

Umeme ukakatika usiku, ukarudi, na modemu ikawahi kuamka kabla ya mlango wa waya.

Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo, haina habari na mlango upi umeukusudia kwa kazi ipi. Draiva (programu inayoendesha kadi) ikijisajili huomba jina la mtindo wa eth%d, kerneli inaipa namba ya kwanza iliyo wazi, basi. Kwenye bodi hizi mlango uliomo ndani ya chipu kuu unaweza kuchelewa, kwa sababu draiva yake inasubiri chanzo cha umeme au chipu ya PHY (inayoshughulikia mawimbi ya waya) iwe tayari. Ikikosa, kerneli inaiweka pembeni na kuijaribu tena baadaye. Modemu nazo zina tabia zake: nyingine hujitokeza kama usb0, nyingine wwan0, na zile zinazojitambulisha kama kadi ya Ethernet yenye anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi) ya kawaida huchukua eth. Yetu ilikuwa ya aina hiyo. Ikachukua eth0, kanuni za ukuta zikageuka nyuma mbele, vidhibiti vikakosa anwani, na taarifa za joto zikanyamaza hadi asubuhi. Meneja alinisimamisha mbele ya madereva na vibarua, akasema, "Fundi wenu ndiye huyu." Mkataba uliishia pale. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu nilisema na sikusikilizwa.

Ndugu yangu unayetaka vifaa vyako vidumu shambani, mnarani au baharini, usikubali jina litolewe kwa kuwahi. Lichague wewe.

Huyu wa end0 shida yake ni ya ukoo mmoja na hiyo. Mwaka 2013 systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, toleo la 197 ilileta majina yanayotokana na mahali kadi ilipo, kama enp2s0 kwa kadi ya PCI (njia ya ndani ya kuchomekea kadi). Bodi nyingi za ARM zilibaki na eth0, kwani mlango wao hauko kwenye PCI na hazina BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) ya kuupa namba. Matoleo ya mwaka 2022 yakaanza kusoma lakabu ethernet0 iliyomo kwenye divaisi trii (faili linaloieleza kerneli vifaa vilivyomo kwenye bodi), lakabu ileile ambayo U-Boot, programu inayowasha bodi, huitumia kupachika anwani ya MAC, na ndipo end0 ikazaliwa. Debian 11 ina systemd 247, Debian 12 ina 252. Ukipandisha tu, umevuka mstari.

Wengi watakwambia uweke net.ifnames=0 kwenye vigezo vya kuwashia kerneli, ili majina mapya yazimwe na eth irudi. Kwa bodi yenye mlango mmoja, sawa. Yenye miwili, umerudi kwenye mbio zilezile zilizonifukuzisha.

Wengine wanafunga jina kwa MAC. Nami siipendi njia hiyo. Ukinakili kadi ya SD kwenda bodi nyingine, MAC ni nyingine. Tena zipo bodi zisizo na MAC ya kudumu, zinabuni mpya kila zikiwashwa. Soma /sys/class/net/eth0/addr_assign_type, ukikuta 1 ujue ni ya kubahatisha.

Funga kwa mahali. Endesha udevadm info /sys/class/net/end0, utafute mstari wa ID_PATH, unaotaja mahali mlango ulipo kwenye bodi. Kwenye Raspberry Pi 4 ninaandika hivi ndani ya /etc/systemd/network/10-lan0.link:

[Match]
Path=platform-fd580000.ethernet

[Link]
Name=lan0

Modemu inapata faili lake, na njia yake ni ndefu: platform-fd500000.pcie-pci-0000:01:00.0-usb-0:1.2:1.0. Ile 1.2 ndiyo tundu la USB lenyewe. Akija mtu akaihamishia tundu la pili, jina linapotea, kwa hiyo mimi hubandika karatasi juu ya tundu.

Usiurudishie mlango jina la eth0 kwa nguvu, utagombana na kerneli inayogawa majina hayohayo. Chagua lako, lisizidi herufi 15. Kwenye Debian endesha update-initramfs -u, ili faili hizo ziingie kwenye mfumo mdogo wa kuwashia, kisha ukate umeme kweli, mara moja modemu ikiwemo na mara nyingine ikiwa imechomolewa. Visanduku nilivyofunga mwenyewe kwa njia hii vimekatikiwa umeme mara nyingi na havijawahi kubadilishana majina. Mwisho endesha grep -rnE 'eth[0-9]' /etc, na kila mstari utakaotokea uuandike upya kwa jina ulilolichagua.