Chipukizi: kuwatunza au kuwauza?

Ndugu, umeuliza kama klabu ya besiboli iwatunze chipukizi wa ligi ndogo ili wazoeane, au iwauze ipate nyota. Kansas City Royals, klabu ya ligi kuu ya Marekani, walifanya yote mawili. Hosmer, Moustakas na Salvador Perez walikulia kwenye timu zao za chini, safari za basi na kila kitu, wakapandishwa wote ligi kuu mwaka 2011. Fainali ya 2014, ambayo ni mfululizo wa mechi hadi saba, wakafungwa mechi ya saba na Giants. 2015 wakachukua ubingwa mbele ya Mets.

Ila watu husahau Julai ya 2015. Walitoa warushaji watatu chipukizi (wale wanaomrushia mpira mpigaji) kwa klabu ya Reds wampate mrushaji nyota Johnny Cueto, kisha wawili tena kwa klabu ya Oakland wampate mchezaji Zobrist. Cueto huyo ndiye aliyerusha mechi ya pili ya fainali mwanzo hadi mwisho, akawaruhusu Mets mapigo mawili tu yaliyofanikiwa. Mgeni kabisa kikosini!

Kwa hiyo hayo maelewano mimi siyadharau, lakini nayapunguzia chumvi. Mwaka 2011 vijana walewale, urafiki uleule, timu ilipoteza mechi 91.