Chumvi ndiyo kisirani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasikia kuna chipu inayopima protini zikishikana bila kuzibandika alama ya rangi. Inazionaje? Na mbona inasumbua kwenye damu? – Mwanafunzi wa maabara, Morogoro

JIBU: Marahaba. Haizioni, inahisi chaji. Juu ya transista (swichi ndogo ya umeme) hupandikizwa kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu maalumu. Protini inayolengwa ikinasa, chaji yake hubadilisha mkondo wa umeme unaopita chini, papo hapo. Asili yake ni transista ya kuhisi ioni (chembe zenye chaji) ya Piet Bergveld, Uholanzi, 1970. Mimi hupenda kuutazama mchoro wenyewe: mstari unapanda protini zinaponasa, ukisuuza unashuka taratibu, na kasi hizo mbili ndizo zinazokuonyesha zimeng'ang'aniana kiasi gani.

Tatizo la damu ni chumvi. Ioni zake huifunika chaji ndani ya nanomita 1 hivi, ilhali kingamwili ina urefu wa nanomita 10 hivi, kwa hiyo protini iliyonaswa juu yake iko mbali mno kuhisiwa. Ukizimua chumvi mara 100, upeo wa kuhisi chaji unafika karibu nanomita 8, ila kuna protini ambazo mshikano wake hubadilika chumvi ikipungua, sasa utakuwa unapima nini? Afadhali wanaotumia vipande vifupi vya kingamwili, au aptama (vipande vya DNA au RNA vinavyonasa protini), ili protini inaswe karibu na transista. Halafu angalia elektrodi rejea yako (ile inayoshikilia volteji ya kulinganishia): ikiyumba, mstari utapanda hata pasipo protini yoyote.