Maswali ya wasomaji: Mawe kwanza, mchanga baadae

SWALI: Habari za kazi, na shikamoo kama umenizidi umri. Nipo Ilazo hapa Dodoma, nimechongesha tangi la kioo la lita 200, urefu mita moja, upana sentimita 40, kimo 50, nataka kufuga samaki wa baharini na matumbawe kidogo. Samaki wa maji baridi nimefuga miaka mingi tu ila wa chumvi sijawahi. Sasa nauliza, kinachotangulia ni mchanga au mawe? Na mawe nitoe wapi, maana huku kwetu yamejaa kila kona na mchanga wa korongoni upo wa kumwaga, au nipande SGR niende Dar nikachukue ufukweni? Jirani ananiambia mawe yote sawa bora yaoshwe tu.
Msomaji, Ilazo, Dodoma

JIBU: Marahaba, karibu sana. Mawe ndo yanatangulia, yanakaa moja kwa moja kwenye kioo cha chini alafu mchanga unakuja kuyazunguka, hili lishike hata kama mengine yote utayasahau. Wapo samaki na kamba wachimbaji, mfano gobi na yule kamba anayeishi naye shimo moja, kazi yao kutwa nzima ni kuhamisha mchanga, sasa kama jiwe umelilaza juu ya mchanga siku wakilichimbua chini linashuka, likishuka linamuua aliyepo chini au linapiga kioo na maji yote yanaishia sebuleni. Kama una hofu jiwe litaumiza kioo tandika kwanza kipande cha wavu mgumu wa plastiki ndo upange juu yake, na kila jiwe la chini lisimame lenyewe bila kucheza kabla hujaweka la pili.

Kuhusu mawe ya hapa kwetu, haya makubwa ya milimani ni graniti. Yanapendeza kweli ila kwenye tangi la bahari jiwe halikai kama pambo, jiwe ndo filta yenyewe. Bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, kuwa naitraiti na naitraiti kuwa naitreti wanaishi kwenye vitundu vya jiwe, na ndani zaidi ambako oksijeni haifiki wapo wengine wanaoibadilisha naitreti kuwa gesi ya naitrojeni ikatoka zake. Graniti imeshikana, haina vitundu, bakteria wanakaa juu juu tu, alafu ni nzito mno kwaiyo kilo ishirini unapata vipande vichache. Kuna na yale mawe meupe ya ukanda wa Bahi, ukiyadondoshea siki yanatoa povu na watu wanasema basi yanafaa. Povu linakuonyesha tu kuwa kuna kalsiamu kaboneti, halikuonyeshi kingine kilichomo, na Bahi ndiko walikofanya utafiti wa urani kwenye ardhi ya chokaa ya namna hiyo. Mimi nakushauri uyaache.

Mchanga wa korongoni nao hapana. Chukua sumaku uifunge kwenye mfuko wa nailoni, ipitishe kwenye mchanga mkavu uone chembe nyeusi zinavyojaa, hizo ni madini ya chuma. Pampu za tangi zina sumaku ndani, kile kifutio cha kioo nacho kina sumaku, zikinasa hapo zinakwangua kioo kila unapofuta na huo mchubuko haufutiki tena. Na hata ungezitoa zote mchanga wenyewe ni kwazi yenye udongo mfinyanzi, utaosha mpaka uchoke.

Na ufukweni naomba sana usiende kuchukua kitu. Matumbawe ya nchi hii yanalindwa na sheria, visiwa kama Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari na haviguswi, na hata biashara ya matumbawe ya mawe kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Miamba yetu imeteseka vya kutosha, imepigwa baruti miaka na miaka, mwaka 1998 bahari ilipata joto matumbawe mengi yakapauka na kufa, na ufukwe kama wa Kunduchi umekuwa ukiliwa na mmomonyoko siku nyingi. Mtu anayependa matumbawe kiasi cha kutaka kuyafuga Dodoma hawezi kuanza kwa kuyabomoa kule kwao.

Kinachofaa ni mawe makavu ya aragonaiti, yaani kalsiamu kaboneti ya aina ile ile ya matumbawe, yanayouzwa kwa ajili ya matangi, agiza kwa wauzaji wa vifaa vya samaki Dar au mtandaoni. Njia ya bei nafuu ni mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu kule pwani, yale yale waliyojengea nyumba za zamani Bagamoyo na Unguja. Chagua mepesi yenye matundu mengi, yasugue kwa brashi, yaloweke kwenye maji yaliyochujwa wiki kadhaa ukibadilisha maji na kupima fosfeti, kile chakula cha mwani, kama fosfeti inazidi kupanda usiyatumie. Mawe makavu uzuri wake hayaji na wadudu waharibifu, ubaya wake hayana uhai wowote kwaiyo unasubiri zaidi.

Kwa tangi lako kilo 15 mpaka 20 zinatosha. Zamani walikuwa wanajaza mawe ukuta mzima mpaka juu, mimi sikubaliani na mtindo ule, nyuma ya ukuta maji hayazunguki na uchafu unalala pale pale. Jenga vilima viwili visivyolingana, acha sentimita 5 mpaka 7 kila upande ili kifutio kipite, usivuke theluthi mbili za kimo, na acha mapango na njia za samaki kupita. Panga kwanza chini sakafuni kwenye boksi ulilokata kwa saizi ya tangi, piga picha, geuza, panga tena, chukua hata siku mbili hakuna anayekukimbiza, maana ukishaweka maji na matumbawe kubomoa ni kazi nyingine. Ukiridhika unganisha kwa supa gluu ya jeli pamoja na ile gundi ya kukanda ya epoksi inayotumika majini. Simenti inawezekana ila inapandisha pH, yaani kipimo cha tindikali ya maji, lazima uiloweke kwa wiki kadhaa kabla.

Mchanga nunua wa aragonaiti chembe za milimita 1 mpaka 2. Ukiwa laini kama unga pampu inaupeperusha juu ya matumbawe, ukiwa kokoto mabaki ya chakula yanazama katikati yanaoza. Kina sentimita 3, kwa sakafu yako ni kama kilo 18 hivi. Mchanga mkavu uoshe kwenye ndoo kidogo kidogo mpaka maji yatoke safi, ila ule unaouzwa umelowa ukiwa na bakteria wake usiuoshe utawaua. Wauzaji wanasema aragonaiti inashikilia pH yenyewe, hilo usilitegemee sana, kwenye pH ya kawaida ya 8.1 mpaka 8.4 haiyeyuki kiasi cha kusaidia.

Mwisho maji. Weka sahani juu ya mchanga umimine taratibu juu ya sahani, yatakuwa kama maziwa siku moja mpaka tatu, yatatulia. Washa pampu na hita, nyuzi 25, taa usiziwashe bado hazina kazi. Weka kipande kidogo cha kamba mbichi aoze atoe amonia, pima kila baada ya siku mbili tatu, na mpaka amonia na naitraiti zote zisome sifuri usilete samaki. Mara nyingi ni wiki 4 mpaka 6. Na angalia meza unayoweka, maji, mawe, mchanga na kioo vyote pamoja vinakaribia kilo 300, meza ya tivii haiwezi.

SWALI: Dada au kaka mhariri, tangi langu lina wiki tano, mchanga wote umegeuka kahawia kama umemwagiwa kakao na mawe vilevile. Nimeambiwa nitoe mchanga wote nianze upya, nifanyeje?
Msomaji, Singida mjini

JIBU: Usitoe kitu. Hao ni daiatomu, mwani mdogo sana unaojenga maganda yake kwa silika, madini yaliyoyeyuka kwenye maji, karibu kila tangi jipya lenye mawe makavu linapitia hapo. Silika ikiisha na bakteria wakishika nafasi wanapungua wenyewe, wewe fyonza kwa mpira juu juu unapobadilisha maji na weka konokono kama amonia imeshafika sifuri. Ila jiulize unatumia maji gani, maji ya visima vya kanda yetu ni magumu na yana madini mengi, ukiyatumia hivo hivo unawalisha daiatomu kila wiki. Nunua yaliyopita mashine ya RO, ile inayochuja madini.

SWALI: Hivi chumvi ya kawaida ya mawe, ile inayotoka Bagamoyo au Uvinza, siwezi kuitumia? Si chumvi ya tangi ni bei mbaya na ni chumvi tu jamani.
Mama wa watoto wawili, Kisasa, Dodoma

JIBU: Mama yangu pole na bei, nakuelewa kabisa, ila haiwezekani. Maji ya bahari yakikaushwa kwenye mabwawa ya chumvi kalsiamu nyingi inatangulia kuganda kama jasi, chumvi ya kula inafuata, na magnesiamu inabaki kwenye maji ya mwisho yanayomwagwa. Unachouziwa ni sodiamu kloraidi karibu yote, na ya dukani imeongezwa madini joto juu yake. Tumbawe linajenga mifupa kwa kalsiamu, linataka kama miligramu 400 mpaka 450 kwa lita, halitaipata humo. Chumvi ya tangi changanya kama gramu 36 kwa lita kwenye ndoo ya pembeni, pampu ikizunguka mpaka kesho yake, mpaka kipimo cha ukali wa chumvi kisome 1.025.

Nikuongezee moja linalowasumbua sana wa Dodoma. Hewa yetu ni kavu, kuanzia Juni mpaka Novemba maji yanapungua kwenye tangi kwa kasi ambayo mtu wa Tanga hataiona, na yanayopaa ni maji tu, chumvi inabaki. Ukiongezea maji ya chumvi ukali unapanda siku hadi siku mpaka matumbawe yanajifunga. Piga mstari wa maka penni kwenye kioo usawa wa maji, kila asubuhi rudisha mpaka pale kwa maji matamu yaliyochujwa, maji ya chumvi yaweke siku ya kubadilisha maji tu.