Jibu: Walimu wawili hawasemeshani, nianzie wapi?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanye nini na walimu wako wawili wa hisabati walionuniana tangu ratiba mpya itoke, na sasa kila mmoja ana kundi lake ofisini. Usianze kwa kuwaita pamoja. Wakikutana wakiwa bado na hasira, kila mmoja atajitetea mbele yako, nawe utageuzwa hakimu.

Muite mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa, umsikilize hadi amalize. Halafu muulize: "Ungependa nini kibadilike kuanzia wiki ijayo?" Hapo ndipo linapojitokeza hitaji lililojificha nyuma ya dai. Tuseme mmoja anasema hataki vipindi vya mwisho. Ukimdadisi, kumbe anawahi kumchukua mtoto wake. Mwenzake anachotaka ni kuulizwa tu kabla ya kupangiwa. Yote mawili yanawezekana bila mtu kushindwa.

Ndipo uwakalishe pamoja, wazungumzie jambo lililotokea, siyo tabia ya mtu. "Ratiba ilibadilishwa bila mimi kuambiwa" inajibika. "Wewe una dharau" haijibiki. Mkikubaliana, andikeni, na mpange siku ya kuangalia utekelezaji. Wengi huliruka hili, na ugomvi hurudi.

Nakusihi sana, usimjadili yeyote kati yao na walimu wengine, hata kwa nia njema. Na kukiwa na vitisho au unyanyasaji, usisuluhishe. Fuata taratibu za nidhamu mara moja.

Ratiba yenyewe nayo ichunguze. Huenda malalamiko yao ni ya haki.