Twita ya utepe au ya kuba?

SWALI: Mimi ni fundi wa masanduku ya spika mjini Jinja. Mteja ameniagiza jozi ya spika za sebuleni, na wufa (spika za sauti nzito) za sentimita 16 ninazo tayari. Anasisitiza niweke twita (spika ndogo za sauti nyembamba) za utepe kwa kuwa amesikia kwamba sauti yake ni safi kuliko ya zile za kuba la hariri, na bei haimsumbui. Je, nimtii?

JIBU: Ndugu fundi, sifa aliyoisikia mteja wako si uzushi. Katika twita ya utepe halisi, ukanda wa alumini wenye unene wa maikroni chache tu, uliotiwa mikunjo na kuning'inizwa katikati ya sumaku, ndio unaopitisha umeme na ndio huohuo unaosukuma hewa. Hauna koili ya waya ya kubeba, hivyo uzito unaotikisika ni mdogo mno, na matoazi husikika kwa wepesi unaopendeza. Ukinzani wake ni sehemu ndogo tu ya omu moja, ndiyo maana huwekewa transfoma ndogo, la sivyo amplifaya ingeuona kama nyaya zilizogusana.

Hata hivyo, mimi nisingemtii, na sababu kubwa ni hizo wufa ulizo nazo. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo katika masafa ya hezi 2,000 wimbi lina urefu wa sentimita 17, karibu sawa na upana wa wufa yako, na kuanzia hapo wufa huzidi kuelekeza sauti mbele na kuwapunja walioketi pembeni. Kuba imara la milimita 25 linaweza kuipokea kazi kati ya hezi 2,000 na 2,500, kabla kasoro hiyo haijakomaa. Utepe mdogo hauna nafasi ya kwenda mbele na nyuma vya kutosha, na kwa kawaida hutaka uanzie hezi 3,000 au zaidi. Aliyeketi pembeni atasikia sauti za waimbaji zikififia, kisha twita ikichomoza ghafla kwenye masafa ya juu zaidi, na hakuna krosova (saketi inayogawa masafa kati ya wufa na twita) itakayoliponya pengo hilo.

Tena utepe hutawanya sauti vizuri kulia na kushoto, lakini si juu na chini. Ule wenye urefu wa sentimita 6 huanza kubana sauti kwenye hezi 5,700 hivi. Fikiria sebule ya kwetu wageni wanapofika: watoto wako mkekani, wazee vitini, na shemeji amesimama mlangoni; kila mmoja atasikia spika tofauti. (Na mwombe Mungu asitokee mtu wa kupuliza vumbi kwenye ukanda huo, kwa maana pumzi moja kali yatosha kuuharibu.)

Weka kuba la hariri, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi kitini, na ulisogeze karibu na wufa kadiri fremu zinavyoruhusu. Mteja akiushikilia utepe wake, basi ongeza spika ya kati ya sentimita 10, ambayo itafika hezi 3,500 bila taabu, na umdai fedha za krosova ya njia tatu kabla hujakata mbao.