Nimeacha mkate na wali, mbona nakosa nguvu?

SWALI: Shikamoo anti. Nina wiki moja kwenye dayati ya paleo, ile ya kula kama watu wa kale kabla ya kilimo. Nimeacha nafaka, maharage, maziwa na sukari, vyote kwa mpigo. Asubuhi chai kavu, mchana kipande cha kuku na nyanya mbili, usiku samaki. Kichwa kinagonga, nguvu sina, na ikifika saa nne asubuhi nawaza mkate tu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea kuanza, ila we unashinda njaa! Umetoa vyakula vinne kwenye sahani na pale vilipokuwepo hujaweka kitu, sasa mwili ufanyie kazi nini?

Hicho kichwa kina sababu yake. Ukikata wanga ghafla mwili unakula akiba ya sukari iliyopo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo kila gramu 1 inashikilia gramu 3 hivi za maji, kwa hiyo ikipungua maji yanatoka na chumvi inayafuata, ndo maana siku za mwanzo unakojoa sana na kilo zinashuka haraka, ila nyingi ni maji hizo. Kunywa maji, na kama huna presha tia chumvi kidogo kwenye chakula. Halafu kula viazi vitamu, boga, ndizi, wengi wanaofuata paleo wanavila na hawajavunja sheria yoyote.

Asubuhi acha hiyo chai tupu. Chukua mayai mawili au matatu, katakata kitunguu, kaanga mpaka kilainike, tupia mboga za majani zilizobaki jana, zikinywea ndo umiminie mayai, pembeni nusu parachichi. Ukila hivyo saa nne itapita hata hujaiona. Mchana na usiku mboga zijaze nusu ya sahani, nyama au samaki saizi ya kiganja chako, na soseji soma pakiti kwanza maana nyingi zina unga na sukari.

Kwenye maharage mi sikubaliani sana na wenye paleo. Hoja yao, iliyopata nguvu mwaka 1985 baada ya makala ya watafiti Boyd Eaton na Melvin Konner kwenye jarida la kitabibu, ni kwamba kilimo kina miaka 10,000 hivi tu na miili yetu ni ya kabla ya hapo. Lakini kwenye meno ya watu wa Neanderthal, jamii ya watu wa kale walioishi zamani sana kabla ya kilimo, yamekutwa mabaki ya mbegu za nafaka za porini na za jamii ya kunde, mengine yalishapikwa. Kwa hiyo ukiyamisi maharage, yaloweke, yachemshe yaive sawasawa, ule kwa amani. Maziwa ukiyaacha tafuta kalsiamu kwingine, samaki wadogo wanaotafunwa na mifupa yao wanafaa sana.

Kitu kimoja hujaniambia na kinanipa wasiwasi, unatumia dawa yoyote? Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari, kupunguza wanga hivi kunaweza kuiangusha sukari mpaka ukazimia, na mwenye tatizo la figo nyama nyingi inamlemea. Kama ni wewe, nakuomba uongee na daktari wako kwanza, kabla hata ya hayo mayai ya kesho.