Mzee wa Mlimani Anajibu: Chupa ya wiski ya mfukoni

Swali: Shikamoo mzee wetu. Mimi na wenzangu wanne wa kazini tumezoea kutembea Jumamosi, mara ziwa Duluti, mara tunateremkia kwenu Materuni kwenye maporomoko. Desemba tumepanga kupanda Meru. Nataka kununua ile chupa bapa ya chuma ya kubebea wiski mfukoni. Nimeziona mjini za kila bei, nyingine zimevikwa ngozi na kuchorwa simba. Nichague ipi, na ya ukubwa gani?
Msomaji, Njiro, Arusha

Jibu: Marahaba mwanangu. Simba mwache alivyo, hazuii kitu. Chupa hizi zinavuja mahali pawili, mdomoni na kwenye maungio, na ngozi ndiyo naishuku kuliko yote maana imekaa palepale penye maungio.

Ya kwanza kumiliki niliitoa kwenye rundo la mitumba hapa Moshi, enzi hizo nabeba mizigo ya wageni, mgumu miongoni mwa wagumu. Wiki nzima nilizunguka nayo mjini, haikutoa hata tone. Nikapanda nayo. Usiku wa Horombo, kambi ya Kilimanjaro iliyo mita 3,720, nikashtuka jaketi limelowa kifuani na kibanda kizima kinanuka kama baa. Kiongozi wetu hakuuliza. Aliniinamia, akaninusa, akasema kesho jiko na mtungi ni vyangu mpaka tunashuka. Nilikuwa sijaonja hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Kisa chake nilikuja kukielewa baadaye. Kule juu hewa ni nyepesi, lakini ile uliyoifungia ndani ya chupa ukiwa chini inabaki na nguvu zake za Moshi, inasukuma. Mpira wa kifuniko ukiwa umekakamaa, inapenya. Na chupa ikiwa imelala kama mimi nilivyokuwa nimelala, kinachotangulia kutoka ni wiski.

Basi kabla hujatoa hela, mwombe mangi wa duka maji ya moto ya chai. Jaza chupa nusu, funga, ilaze juu ya gazeti kavu, mpige soga dakika kumi. Moto unaivimbisha hewa ya ndani, nayo inasukuma kama mlimani. Gazeti likilowa, mrudishie chupa yake na simba wake. Yenye ngozi, bonyeza ngozi pembeni kwa kidole uone kama ina unyevu.

Kifuniko kiwe kimefungwa kwenye shingo kwa bawaba. Kilicho huru kitakuponyoka gizani, umevaa glavu, na hutakiona tena.

Chuma chenyewe kiwe stenlesi. Geuza kitako utafute alama 18/8, maana yake kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Alama inaweza kugongwa na yeyote, kwa hiyo mimi hutembea na kisumaku cha spika ya redio mbovu: stenlesi ya aina hiyo sumaku haiing'ang'anii, labda iguse kidogo kwenye mikunjo. Ikinata kama kwenye sufuria ya bati, achana nayo. Ukikuta chupa kuukuu ya pyuta, lile bati la kijivu la Wazungu, iweke kabatini kama pambo. Za zamani nyingi zilichanganywa na risasi, na pombe huila risasi pole pole.

Ukubwa? Aunsi 6, yaani kama mililita 177. Mko watano, kila mmoja anapata funda la heshima na hakuna wa kubebwa. Tangu viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vipigwe marufuku Machi 2017 nawaona vijana wananunua za aunsi 8 na zaidi. Hizo zinavuta mfuko wa jaketi chini, na ukibanana kwenye gari la Noah zinakuchoma ubavu. Umbo lililopinda kidogo ndilo zuri, linafuata mwili.

Nunua na faneli ndogo, usijaribu kumimina kwa jicho. Acha nafasi ya kidole juu. Ukirudi nyumbani mwaga kilichobaki, au kimalize, suuza kwa maji ya moto bila sabuni ya manukato, iache wazi kichwa chini. Siku mbili tatu wiski inakaa salama. Ukiisahau mwezi itakuonjesha chuma.

Na Meru, chupa ishuke imejaa kama ilivyopanda. Pombe inakudanganya una joto kwa sababu inaleta damu karibu na ngozi, na joto lote linatokea hapohapo. Kule mnatembea na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati, naye hataki mtu anayeyumba nyuma yake. Fungueni mkishafika geti la Momella, mmekaa, viatu mmevua. Mnikumbuke.

Swali: Mzee, mimi si mtu wa wiski. Naweza kutia mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwenye chupa hiyo?
Msomaji, Kibosho

Jibu: Thubutu! Mbege haijalala, bado inachachuka na kutoa gesi. Ukiifunga humo na kuipeleka juani, utakapofungua itakuvaa usoni, na pumba za ulezi zitakwama kwenye ile shingo nyembamba usizitoe hata kwa waya. Beba kibuyu, kifuniko kiwe cha jani la mgomba.